Mashine ya Upepo Haitakwenda Kondoa

Mwanangu Zaituni,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe nawe humo chumbani, wewe na wote wanaokuzunguka. Sisi huku uani tu wazima. Neno hilo nimeliandika katika barua nyingi maishani mwangu bila kulifikiria. Leo nimeliandika nikasimamisha kalamu nikalitazama.

Kwanza nikutoe hofu. Ile kanzu ya mumeo iliyoletwa ndani kulowekwa, yenye madoa mekundu kuanzia kifuani hadi magotini, haina damu. Ni kutu. Iddi hajaumia, mimi sijaumia, hakuna aliyepigana na mtu. Shangazi yako Mwamvua ameniambia ulipoiona ulilia mpaka hina ikachafuka mikononi, na kwamba waliokuwa karibu na dirisha wamekuletea maneno yangu, kuwa nimesema safari ya kesho haipo. Niliyasema, mwanangu, na kwa sauti kubwa. Lakini safari ipo. Kesho asubuhi utaondoka na mumeo kwenda Kondoa kwa lori la Mashaka, inshallah. Kisichokwenda ni mashine.

Chumba chako kimejaa wanawake, siwezi kuingia, ndiyo sababu nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyesomea herufi za Kurani chuoni, halafu hizi nyingine akajifunza kwa kusoma magunia na milango ya malori. Leo utauona mbaya zaidi. Nimeswali isha nikapotea katikati, sikujua nimefika rakaa ya ngapi, ikanibidi nianze upya.

Habari za jikoni, na namna ya kukaa na wakwe, na nani umwamkie kwanza, shangazi yako amekufundisha siku zote hizi na mimi sina la kuongeza. Nataka nikueleze kilichotokea leo upande wa pili wa ukuta wako. Nikueleze pia jinsi nilivyoichagua mashine ile, kwa kuwa wewe na mumeo mtachagua nyingine, na kwa kuwa nisipokueleza mimi utaelezwa na watu wa Kondoa, nao watakueleza wakicheka.

Umeikuta mashine ya upepo ipo, ikijaza matairi na kupuliza rangi, kwa hiyo hukuona tulivyoishi kabla yake. Matairi ya malori nilijaza kwa pampu ya mkono, mimi na mama yako tukipokezana, jambo ambalo hapendi watu walijue. Masanduku ya bati niliyapaka rangi kwa brashi, na brashi huacha michirizi, na bibi harusi hataki sanduku lenye michirizi. Siku moja tukasikia kuna kambi ya Wazungu inafungwa huko njia ya Kongwa na vyombo vyake vinapigwa mnada. Nikaenda na Mashaka, ambaye ujanani nilikuwa taniboi wake, nikipanda juu ya mizigo na kuweka vigingi kwenye magurudumu kila tuliposimama mlimani.

Mashine za upepo zilikuwa mbili. Moja ndogo, imebonyea ubavuni, haina rangi, chuma kitupu, mpini wake umefungwa waya. Fundi Kalasinga aliyekuwa akizionyesha aliiwasha, akajaza tairi la lori, na muda wote huo alikuwa anakunywa chai yake wala haitazami. Ya pili ndiyo hii unayoijua. Tangi lake refu kama ng'ombe aliyelala, limepakwa rangi mpya ambayo bado ilikuwa inanukia. Ilipowashwa, kuku wa kambi walikimbia.

"Abeid," Mashaka akaniambia, "kazi yako wewe ni matairi na masanduku. Lile dude utalipa kazi gani?"

"Mtu akipita njiani atajua hapa pana fundi."

"Atajua hapa pana kelele."

Nikaichukua kubwa. Nataka uone jambo hili vizuri, Zaituni. Mimi ni mpaka rangi. Nimeyachukua masanduku yaliyooza pembe, nikayasugua, nikayapaka, na watu wakayapokea kwa vigelegele. Hakuna mtu Dodoma hii anayejua kuliko mimi rangi inaficha nini. Na bado nilisimama mbele ya tangi kuukuu lililopakwa rangi mpya, nikaipenda ile rangi. Sikuuliza kwa nini mtu anayefunga kambi apake rangi kitu anachokiacha.

Tulipokuwa tunaipakia, yule Kalasinga akaja akainama, akagusa kizibo kilicho chini ya tangi.

"Kila jioni fungua hapa," akasema. "Toa maji."

"Maji gani, fundi?"

"Ya upepo."

Mashaka alicheka mpaka akashika bodi ya lori. "Fundi, hapa ni Ugogo. Upepo wetu ungekuwa na maji, wanawake wa Ihumwa wasingekuwa wanachimba mchanga mtoni."

Kalasinga hakucheka. "Fungua utaona," akasema, akaenda zake.

Nikafungua jioni ile ya kwanza, kwa kumkomoa tu, ili nikikutana naye tena nimwambie ni kukavu. Yakatoka maji. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa maji, yakanilowesha kiganja. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukataa kabisa. Mama yako alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuchota maji ya tope, anarudi jua limepanda. Nami nimechuchumaa uani kwangu, chuma kinanitolea maji kutoka hewani. Nilisema Subhanallah, nikabaki nimekodoa macho. Kisha nikafanya nini? Nikakifunga kizibo upesi, nikakikaza kwa spana, na tangu siku ile sikukifungua tena.

Utaniuliza kwa nini. Mumeo ameniuliza vivyo hivyo leo, kwa adabu.

Nilipokuwa taniboi, kazi yangu kubwa ilikuwa debe la maji ya rejeta. Katika barabara ya Kondoa injini ilikuwa inachemka kila tulipopanda, nami naruka chini na debe langu naongeza. Siku moja tumeharibikiwa mbele ya Haneti, Mashaka amelala chini ya lori, na wakati wa swala umefika. Nilikuwa kijana niliyejiona mchamungu sana. Maji yalikuwa ya debe lile tu. Mchanga ulikuwepo, tena mwingi, na dini yetu imetupa ruhusa ya kutayamamu kwa mchanga pale maji yanapokosekana, nilifundishwa hivyo chuoni nikiwa mtoto. Lakini nilitaka udhu wa maji. Nikatia udhu, nikaosha na miguu vizuri mpaka vifundoni, nikaswali kwa unyenyekevu mkubwa. Tulipoondoka, injini ilichemka kabla hatujafika popote, nikashuka na debe, debe tupu. Injini ikakwama. Mashaka hakunipiga. Alikaa ukingoni mwa barabara akaniuliza, "Swala yako ilikubaliwa, Abeid?" Tulilala pale pale na mizigo ya watu, tukisikiliza fisi.

Nikajifunza. Nilijifunza kwamba maji yaliyo ndani ya mashine hayaguswi. Ndiyo uhai wake. Lilikuwa funzo la kweli na lilinigharimu aibu kubwa, na kwa sababu lilinigharimu nililishika kama dini. Kwa hiyo nilipoona maji ndani ya mashine ya upepo nikajua nimeelewa kila kitu. Nikasema, hii inajipoza yenyewe. Inajitilia maji yake. Nikawa najisifu kwa madereva: "Nyie mnabeba madebe, ya kwangu inachota mbinguni." Watu walikuja kuitazama. Yale maji niliyafungia humo kwa heshima, mwanangu. Kwa shukrani kabisa. Na hayo yamekuwa yakikila chuma kwa ndani muda wote niliokuwa nashukuru.

Mpaka sasa nikilifikiria naona kama ni habari ya mtu mwingine. Nilikuwa nimejifunza jambo la kweli, nikalibeba na kulipeleka mahali pasipo pake. Mtu asiyejua kitu huuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua, na nilichokijua kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa cha rejeta.

Unakumbuka ulikuwa unakaa nami ukishika mpira wa baiskeli ndani ya karai la maji, ukitafuta mapovu mahali panapovuja? Sikio lako lilikuwa kali kuliko langu. Tulipoisogeza mashine siku ya kupiga lipu ukaniambia, "Baba, ndani inacheza kama mtungi." Nikakujibu kwa furaha, ndiyo, imeshiba. Ukacheka. Umekua ukiamini kwamba mashine hushiba maji kwa sababu mimi nilikuambia. Nilipolikumbuka hilo leo jioni ilinibidi niweke kalamu chini.

Basi Iddi alipokuja kukuposa, na nikasikia ana nia ya kufungua karakana yake uani kwao Kondoa, matairi na kupaka rangi, nikasema mashine yangu iende naye. Nilifurahi sana. Mimi sasa kazi zangu ni ndogo, huwa naiwasha mshale wa saa ya upepo ukafika nusu tu, nabana petroli, na nusu inanitosha. Nikasema huko kwa vijana itafanya kazi yake yote. Wiki hii nikaipaka rangi upya. Niliipaka kwa upepo wake yenyewe, ikajipaka kijani kuanzia magurudumu hadi juu, na sikuacha mahali. Nikaipaka hata ile vali ndogo ya juu yenye pete, ambayo kazi yake ni kuachia upepo ukizidi. Ilipendeza. Nilikuwa naiona kama sanduku la harusi.

Haya, sasa leo.

Baada ya swala ya adhuhuri, kabla chakula hakijatoka, nikawaita wageni wa Kondoa waje waone. Mbele yao alikuwa Mzee Salimu, baba mdogo wa Iddi, ambaye ndiye msemaji wao. Mashaka naye alikuwepo. Mashine niliiweka mahali pake pa siku zote, imeegemea ukuta. Watoto walikuwa wameipanda, wamekaa juu ya tangi kama juu ya punda, wanakula karanga. Nikazungusha kamba kwenye gurudumu la kuwashia. Nikawaambia, leo naijaza mpaka mshale uishie, mjue nimewapa nini.

Iddi akatoka kati ya wenzake. "Baba, shikamoo."

"Marahaba, lakini asubuhi si uliniamkia?"

"Ndiyo, baba. Naomba, kabla hujawasha, nifungue kizibo cha chini."

"Chini kuna nini?"

"Sijui, baba. Ndiyo maana naomba nifungue."

Watu wakacheka. Mzee Salimu hakucheka. "Iddi, simama vizuri," akasema. "Hapa umekuja kuchukua mke, hujaja gereji."

Nami nikasema, "Mwache, kijana ana hamu." Nilisema hivyo nikitabasamu, lakini moyoni nilikwisha kuchukia. Mkwe hakagui anachopewa na mkwewe mbele ya watu. Hata ungempa kuku kilema angeshukuru kwanza, kilema akakione nyumbani kwake. Wewe unajua. Na yeye anajua kuliko sisi, maana watu wa kwao wana heshima kwa wakwe hata kula pamoja ni kwa taabu.

Akanyoosha mkono, akaivuta pete ya vali. Haikusogea. Akaivuta tena.

"Baba, hii imeganda. Imepakwa rangi."

"Nimeipaka mimi," nikamjibu, tena kwa fahari.

Akanitazama, halafu akawageukia watoto. "Shukeni," akawaambia. Hawakushuka, walikuwa wamemzoea. Akawashusha mmoja mmoja kwa mikono yake. Na hapo, Zaituni, mbele ya wageni, nikaona mtu ananinyang'anya hadhi yangu uani kwangu. Ndipo niliposema. Nilisema, "Kama mashine yangu huiamini, binti yangu utamwaminije? Mwache. Safari ya kesho haipo."

Mzee Salimu akamkamata Iddi bega. "Umesikia? Umesikia ulichokifanya? Mwombe radhi mzee."

Iddi akasema, "Nitamwomba, baba." Kisha akalala chini. Na kanzu yake ile nyeupe, ya jana ya nikahi, akalala chali mchangani, akajisogeza chini ya tangi na spana aliyokuwa nayo mfukoni. Mfukoni mwa kanzu ya harusi, mwanangu, alikuwa amekuja na spana. Alikuwa amekwisha kuamua kabla hajafika.

Kizibo kilimpa shida. Kikatoka. Yakatoka maji mekundu kama udongo wa kwao Kondoa, yenye harufu ya chuma kilichokufa, yakamwangukia kifuani na yakaendelea. Tulisubiri yaishe na hayakuisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na sufuria akakimbia kuyakinga, maskini, kwa mazoea tu, hakuna mtu wa hapa anayeona maji yanamwagika akayaacha. Yalipojaa sufuria akayatazama, akaiweka chini taratibu akarudi nyuma.

Iddi akaomba nyundo. Mashaka akampa, nadhani hata hakujua anampa. Akagonga juu ya tangi, likalia kama kengele. Akagonga ubavuni, likalia. Akagonga chini, sauti ikawa kama ya kugonga gunia. Akagonga tena palepale, si kwa nguvu, na nyundo ikaingia.

Haikuingia kwa kishindo. Iliingia tu, kama kidole kwenye ugali. Iddi akaachia mpini, nyundo ikabaki inaning'inia.

Sikumbuki nani alisema nini kwanza. Nakumbuka nyinyi humo ndani mlikuwa mnaimba. Ngoma ilikuwa inalia na mama yako nilimsikia akiitikia, na sisi wanaume huku nje tumesimama tunatazama mpini wa nyundo. Mzee Salimu aliketi chini. Mzee yule mwenye bakora na joho, akaketi mchangani, akaomba maji ya kunywa, yakaletwa, akayashika tu.

Mimi bado nilikuwa na kamba ya kuwashia mkononi.

Nikainua macho nikaona ukuta. Kila siku nauona ukuta ule. Ni ukuta wa chumba chako, na kitanda chako kimeegemea upande wa pili. Ningevuta kamba, ningejaza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, na vali nimeiziba kwa rangi kwa mkono wangu mwenyewe, na watoto wangekuwa wamekaa juu, kwa sababu mimi sikuwa nimewaambia washuke. Wala sikuwaza kuwaambia.

Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo. Nimejaribu.

Mashaka, unamjua, yeye hawezi kukaa kimya hata msibani. Baadaye akanijia akasema, "Abeid, ndugu yangu, ulikuwa unatuozea bomu." Nikataka kucheka, nikasikia sauti yangu inatoka nyingine. Akanishika mkono akanikalisha. Naye mkono wake ulikuwa baridi.

Mumeo nilimkuta anaosha uso kwenye pipa. Nikamshika mkono nikamwomba radhi. Ndiyo, mimi nilimwomba yeye. Mzee Salimu aligeuza uso pembeni asione, na nadhani alifanya vyema. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa nini hukunivuta pembeni ukaniambia?"

"Nilikuja, baba. Juzi nilikuuliza kizibo hufunguliwa lini. Ukaniambia mashine hii imeanza kazi mimi natembea uchi."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Wakati ule niliona nimejibu vizuri sana.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Niliogopa, baba. Nilijua nikiwa nimekosea, sina mke."

"Na bado ukalala chini."

"Yeye si yuko nyuma ya huo ukuta?"

Alisema hivyo tu, akaendelea kunawa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza, kwa sababu najua yeye hatakuambia. Ni mtu wa maneno machache na nilikuwa nadhani ni ubaridi.

Sasa kuhusu mashine mtakayochagua. Mtaanza na pampu ya mkono, nimempa ile ya zamani, na mikono yako itauma kama ya mama yako ilivyouma. Vumilieni hivyo hivyo, msiharakishe. Siku mtakapokwenda kutafuta, jiulizeni kwanza kazi yenu ni ipi. Kujaza tairi kunataka upepo wa nguvu lakini kwa muda mfupi, tangi dogo linatosha, ukingoja kidogo linajaa tena. Kupaka rangi ndiko kunakotaka upepo usiokatika, la sivyo rangi itatema madoa, kwa hiyo tazameni kama injini inaweza kulifuata tangi, isiwe tangi la tembo na injini ya kuku. Ukubwa peke yake usiwashike macho. Iliyobonyea na kukwaruzika inakuonyesha ilikopita. Iliyopakwa rangi mpya, mwulize mwenyewe kwa nini, na usiende mpaka akujibu. Vuta pete ya vali, ikatae au ikubali mbele yako. Gongeni chini kama mumeo alivyogonga. Na ikifika nyumbani, kila jioni kizibo kifunguliwe, hata mwaka wa ukame, hata roho ikiuma kuyaona yanamwagika. Yale si ya kunywa na si baraka. Nilikosea kuyaita baraka. Namwomba Mungu anisamehe kwa kuweka jina lake mahali ambapo sikuwa nimetazama.

Hayo mumeo anayajua, tena kunishinda. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye naye ni binadamu. Itafika siku atakuwa mtu mzima mwenye jina Kondoa nzima, na atakuwa na jambo moja alilojifunza kwa taabu ambalo hataki liguswe. Wewe una sikio. Ukisikia kitu ndani kinacheza, mwambie. Akikujibu kama nilivyokujibu mimi, usicheke ukaondoka kama ulivyocheka utotoni, wala usione kwamba heshima ya mke ni kunyamaza. Leo nimeona heshima imelala mchangani na kanzu nyeupe. Sikuwa naijua kwa sura ile.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonitia haya kuliko hata tundu lile. Tulipopanga mzigo wa lori, mashine ilichukua nafasi yote ya nyuma ya kiti cha dereva. Shangazi yako Mwamvua alikuwa tayari kukusindikiza, akae nawe mpaka uzoee nyumba, kama anavyofanyiwa kila binti anayeozwa mbali. Nikamwambia hakuna nafasi, wewe ni mkubwa, utazoea. Hakubisha. Alikwenda akafungua bunda lake la nguo na kurudisha kila kitu mahali pake, na mimi nilimwona akifanya hivyo nikapita. Nilimwondoa mtu nikaweka chuma, tena chuma kile, na sikuona kuwa nimefanya lolote.

Sasa hivi nimetoka kumwita. Alikuja akasimama mlangoni, macho yamevimba, akidhani nina neno jingine baya.

"Funga nguo zako," nikamwambia.

"Na mashine?"

"Utakaa wewe."

Aligeuka akaingia. Namsikia sasa humo ndani anavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Basi na wewe lala, mwanangu. Kesho hutakwenda peke yako.

Mimi baba yako,
Abeid